Krasha inakula pleti kila mwezi? Mwongozo kamili wa kulinda hopa, chuti na mkanda visilike

Wadau wa krasha, saruji na migodini, hii ni yenu. Kila site ina ile sehemu yake maarufu, kona fulani ya chuti (mfereji wa chuma unaoshusha mawe) inayotoboka kila mara, welda anaitwa anabandika kipande juu ya kipande mpaka chuti inakuwa nzito kuliko siku ilipofungwa, na ukiuliza unaambiwa mawe ya huku makali. Ni kweli makali, sibishi. Ila watu wengi wanakimbilia kununua pleti nene kabla hawajajua ni kitu gani hasa kinachokula ile waliyonayo, na ndo maana wanatoboka tena.

Ntatumia mfano wa krasha ya kokoto ya ukubwa wa kati, zile kama za Lugoba kule Chalinze: tipa au loda inamwaga kwenye hopa (sanduku la kupokelea mawe), fida inasukuma mawe mbele, krasha ya taya inavunja, halafu krasha ya koni inavunja zaidi, chekecheo inatenganisha saizi, na mikanda inasambaza kwenye malundo. Ukiwa kiwanda cha saruji au mgodi wa dhahabu mambo ni yale yale, kinachobadilika ni jiwe.

HATUA YA 1: Lijue jiwe lako

Kuna kipimo cha ugumu wa madini kinaitwa Mohs, kinaanzia 1 mpaka 10. Chokaa ya matumbawe, ile ya Wazo au Bamburi, madini yake makuu yako kwenye 3. Kwatzi, ambayo ndo imejaa kwenye mawe ya jamii ya granaiti na kwenye mchanga wa mtoni, iko kwenye 7. Sasa hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi hatuambiwi: chuma cha kawaida cha dukani ni laini kuliko kwatzi kwa mbali sana, na hata pleti ngumu za kisasa za Brinell 400 au 500 (Brinell ni kipimo cha ugumu wa chuma, namba kubwa ndo kigumu zaidi) bado ziko chini ya kwatzi. Kwa hiyo kwenye granaiti unapoongeza ugumu kidogo unapata faida kidogo, faida kubwa inakuja pale sehemu ya juu ya laina (kile unachovalisha ndani ya chuti au hopa kilike badala ya ukuta wenyewe) inapokaribia au kuzidi ugumu wa kile kinachoikwangua. Ndo maana weldi yenye kromiamu kabaidi (chembe ngumu za kromiamu na kaboni) na vigae vya seramiki vinadumu sana kwenye mchanga, kwa sababu kabaidi zenyewe ni ngumu kuliko kwatzi, na seramiki ya alumina iko 9 kwenye Mohs.

Kwenye chokaa safi huhitaji kujitesa hivyo. Ila angalia chokaa yako isiwe na mchanga au jiwe gumu ndani yake, maana kwatzi kidogo tu iliyochanganyika ndo itakayokula chuma, chokaa yenyewe utaisingizia.

Jua pia ukubwa wa mawe, kama yana unyevu, na kama yana udongo wa mfinyanzi unaonata. Vumbi lenye maji linasugua na kutu inafuata, ikisuguliwa kutu inatoka chuma kinabaki uchi kinaota nyingine. Kipindi cha masika ukiona chuti inalika kuliko kiangazi usishangae.

HATUA YA 2: Soma kovu

Zima mashine, funga stimu kwa kufuli yako mwenyewe na funguo ikae mfukoni mwako, ingia uangalie. Chuma kilicholika kinasema.

Ukiona mistari mirefu imelala kufuata mwelekeo wa mzigo, huo ni mkwaruzo wa kuteleza. Ukiona mashimo-mashimo, pleti imebonyea, bolti zimekatika vichwa au vigae vimepasuka, hilo ni pigo. Ukiona mfereji mmoja mwembamba umechimbwa sehemu moja huku pembeni pleti ni kama mpya, hapo mzigo umejikusanya njia moja, na huo ugonjwa hautibiwi na pleti, unatibiwa kwa kutawanya mzigo.

Pembe ni muhimu sana. Vitu vinavyonyumbulika kama chuma laini vinalika zaidi mzigo ukija kwa kulalia, nyuzi 15 mpaka 30 hivi, kwa sababu chembe zinakata kama randa. Vitu vigumu vinavyovunjika kama seramiki vinaumia zaidi mzigo ukiwapiga uso kwa uso, nyuzi 90. Mpira ndo kinyume cha chuma: ukipigwa uso kwa uso unabonyea na kurudi, ila ukija jiwe lenye ncha kwa pembe ya kulalia linauchana. Mtu anayejua hili tu tayari ameshajiepusha na makosa mengi ya kununua.

HATUA YA 3: Pima kabla hujatoa hela

Nunua au azima kipima unene cha mawimbi ya sauti, kile kidogo cha mkononi. Chora gridi kwa chaki ya chuma nje ya chuti, A1, A2, B1 na kuendelea, kila boksi sentimita 20 kwa 20 inatosha, halafu andika unene wa kila boksi na tarehe na tani zilizopita. Masaa ya injini yanafaa kama huna mizani ya mkanda, ila tani ni bora, maana mashine inaweza kunguruma siku nzima huku haina mzigo.

Hesabu yake rahisi. Tuseme laina ilikuwa milimita 20, zimepita tani 40,000, imebaki 14. Umepoteza 6, yaani milimita moja kila tani 6,700 hivi. Kama umejiwekea kwamba ikifika 6 unabadilisha, zimebaki milimita 8, una kama tani 53,000 mbele yako. Sasa unaweza kuagiza spea mapema badala ya kumpigia mtu wa Kariakoo saa nne usiku.

Kipimo kile kina vigugumizi vyake: kwenye chuma cha manganizi kinasumbua kusoma, na kwenye laina iliyofungwa kwa bolti ukipimia nje kitakupa unene wa ukuta tu bila laina. Hapo pimia ndani au toboa tundu dogo la kuchungulia.

HATUA YA 4: Punguza mwendo na mwanguko (hapa ndo penye hela)

Hii hatua watu wanairuka na ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu chuma chakavu kilichopo yadi kinatosha kuifanya. Jiwe likianguka mita 1 linafika chini na mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, likianguka mita 4 linafika na 8.9. Mwendo umekuwa mara mbili lakini nguvu ya pigo imekuwa mara nne. Kwa hiyo ukiweza kushusha mwanguko hata nusu mita umeshaokoa kitu.

Dawa ya kwanza ni boksi la mawe. Pale mzigo unapogonga, chomelea kizingiti au kirafu ili mawe yenyewe yakae pale yajaze, mzigo unaokuja nyuma unagonga mawe wenzake sio chuma. Jiwe kula jiwe, gharama sifuri. Kwenye sakafu ya chuti inayoteleza unaweza kuchomelea vyuma vya engo vikikatiza mwelekeo wa mzigo, katikati yake mchanga unakaa, na mchanga ule ndo unakuwa laina yako.

Ila tahadhari. Boksi la mawe halifai kwa udongo unaonata, litaziba masika yote na vijana watashinda wanagonga na nondo. Halifai pia kwa makaa ya mawe au mzigo ambao mteja hataki uvunjike-vunjike. Na kama unapitisha aina mbili za mzigo kwenye chuti moja, kile kilichokaa kwenye boksi kitachanganyika na kinachofuata.

Dawa ya pili ni kuelekeza mzigo ushuke kwenye mkanda ukiwa unaelekea kule kule mkanda unakoenda, na kwa mwendo unaokaribiana na wa mkanda. Mzigo ukitua wima, mkanda unausugua mpaka upate mwendo, na ule msuguano ndo unaokula uso wa mkanda. Ya tatu: chuja vumbi na mawe madogo kabla ya taya kwa kutumia grizili (nondo zilizopangwa kwa nafasi, vidogo vidondoke katikati), maana udongo na mchanga haviendi kuvunjwa pale, vinaenda kusugua tu.

Na dereva wa loda afundishwe kumwaga taratibu, abakize mzigo kidogo kwenye hopa muda wote. Hopa ikikauka kabisa jiwe la kwanza linagonga chuma tupu.

HATUA YA 5: Sasa chagua laina

Nianze na manganizi, maana ndo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Chuma hiki aligundua Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, kina manganizi asilimia 11 mpaka 14 hivi. Kikiwa kipya ni laini tu, Brinell 200 na kitu, lakini kikipigwa sana uso wake unakakamaa unapanda mpaka 500 na zaidi huku ndani kikibaki kigumu kuvunjika. Kwa hiyo taya na koni, sawa kabisa. Lakini mtu akikuuzia manganizi uweke kwenye chuti ya mchanga, amekula hela yako, mchanga hauna pigo la kukikakamaza kwa hiyo kitalika karibu sawa na chuma cha kawaida. Kukitambua ni rahisi, sumaku haikishiki.

Pleti ngumu za kisasa, Hardox ya kule Sweden na ndugu zake, Brinell 400, 450, 500. Hizi ndo za kazi mchanganyiko: bodi ya tipa, hopa, ndoo ya loda, chuti yenye mawe ya wastani. Zinastahimili pigo na mkwaruzo kwa pamoja, fundi anazikata na kuzichomea. Omba cheti, na pleti halisi huwa zina maandishi ya kiwandani. Ukiwa na shaka chukua senta panchi (kile chuma chenye ncha cha kutia alama), piga kwa nguvu ile ile kwenye pleti hiyo na kwenye chuma cha kawaida, alama kwenye pleti ngumu inatakiwa iwe ndogo waziwazi. Mtaani kuna pleti nyeusi zimepakwa rangi zinauzwa kwa jina kubwa.

Pleti zenye weldi ya kromiamu kabaidi juu, zile ukiziangalia zina mistari ya weldi na nyufa ndogo-ndogo. Hizo nyufa ni za kawaida, usizirudishe dukani. Ni moto kwenye mkwaruzo wa kuteleza, vumbi la klinka (mawe yaliyochomwa ya kusagia saruji), mchanga mkavu. Kwenye pigo la mawe makubwa zinamomonyoka vipande.

Seramiki ni kwa vitu vidogo vinavyoteleza kwa kasi, sikloni za vumbi (mashine za kutenganisha vumbi na hewa), mabomba ya majivu, chuti ya mchanga. Usimpelekee jiwe la ukubwa wa kichwa. Kuna zilizozamishwa kwenye mpira, hizo zinavumilia zaidi lakini bei yake kaa chini kwanza.

Mpira mnene, kwenye pigo la wima na kwenye mzigo wa maji. Unapunguza na kelele, vijana wa chekecheo watakushukuru. Na ile plastiki nyeupe inayoteleza kama sabuni: kazi yake ni mzigo unaonata, udongo, chokaa mbichi, ila haipendi joto wala ncha kali, ukifanya welding karibu inayeyuka au inashika moto. Watu wamechoma chuti nzima hivyo, na mpira na mkanda nao hivyo hivyo, kwa hiyo toa kwanza kabla ya kuwasha moto.

Chuti moja inaweza kuhitaji laina tatu tofauti. Pale mzigo unapogonga weka kinachovumilia pigo, pale unapoteleza weka kigumu, pembeni kusikoguswa sana acha pleti ya kawaida. Kuvalisha chuti nzima kitu cha bei mbaya ni kumwaga hela.

HATUA YA 6: Kufunga na kuchomea

Maungio ya laina yasiwe mstari mmoja mrefu unaofuata mzigo, mzigo utaingia pale uchimbe mfereji. Yapishane. Na pale pleti mbili zinapokutana kwa urefu, ya juu ilalie ya chini kama mabati ya paa, ili jiwe lisipate mdomo wa kukamata. Bolti ziwe za kichwa kilichozama, na zisiwekwe pale mzigo unapogonga kama unaweza kuepuka.

Pleti ngumu zinapoteza ugumu zikipata joto la zaidi ya nyuzi 250, kwa hiyo kuzikunja kwa kuchoma moto mpaka ziwe nyekundu ni kuzigeuza chuma cha kawaida. Kata kwa plazma kama ipo. Chomea na rodi za haidrojeni ndogo kama 7018, zikauke kwenye oveni kwanza maana rodi iliyonyonya unyevu wa pwani inaleta nyufa, na pleti ikiwa nene ipashe moto kidogo kabla. Manganizi ndo kabisa haitaki joto, chomea vipande vifupi-vifupi, ruka huku na kule, ukiweka mkono karibu na weldi ukashindwa kuvumilia subiri ipoe. Usiipashe moto kabla, hapo ni kinyume na ile nyingine.

Kwa wanaoweka weldi ngumu juu ya ndoo na meno: mzigo ukiwa mawe makubwa mistari ifuate mwelekeo wa mzigo, mawe yateleze juu yake. Ukiwa mchanga mistari ikatize mwelekeo, mchanga ukae katikati ulinde chuma. Mchanganyiko, fanya miraba. Tabaka mbili au tatu basi, ukirundika inabanduka yote. Na moshi wa hizi rodi una kromiamu na manganizi, ndani ya hopa weka feni na barakoa ya kweli, kitambaa cha usoni hakizuii kitu.

HATUA YA 7: Mkanda

Mkanda ndo ghali kuliko vyote na ndo unauawa kizembe. Mfupi unakufa haraka kuliko mrefu, hesabu mwenyewe: mkanda wa mita 30 kati ya puli na puli ukienda mita 1.6 kwa sekunde, kila sehemu yake inarudi kupigwa na mzigo kila sekunde 37 au 38. Wa mita 200 inarudi baada ya dakika nne na sekunde kumi. Kwa hiyo mkanda mfupi chini ya krasha ndo upewe uso mnene na mpira mzuri. Kwa daraja za Kijerumani, W inaruhusiwa kupoteza milimita za ujazo 90 kwenye jaribio la kusugua, X 120, Y 150. Namba ndogo ndo bora. Muuzaji asiyejua daraja la mkanda wake, mpite.

Sasa kuna tabia moja iko kila site kuanzia Mwanza mpaka Mlolongo: kukata mkanda mzee na kuutumia kama skati ya pembeni kuzuia mzigo usimwagike. Acheni. Mkanda mzee una nyuzi ndani na umeshakula kokoto ndogo ambazo zimezama kwenye mpira, ukiukandamiza juu ya mkanda mpya unakuwa msasa unaosugua masaa yote, na utaona mifereji miwili pembeni ya mkanda wako. Nunua mpira wa skati usio na nyuzi, laini kuliko uso wa mkanda, na uguse tu, usikandamize. Ukuta wa chuma wa skati nao uwe unapanda taratibu kuelekea mbele, jiwe likibanwa lipate pa kutokea.

Rola zilizokwama, zile zinazobeba mkanda, ndo adui wa pili. Rola isiyozunguka inasuguliwa mpaka ganda linakuwa na makali kama wembe, siku inapasuka inauchana mkanda wa mamilioni. Tembea kando ya mkanda ukiwa unazunguka, mikono mbali, sikiliza milio, zilizokimya huku hazizunguki ziandike. Skrepa (kikwanguo cha kusafisha mkanda) ya puli ya mbele ifungwe vizuri, maana vumbi linalorudi na mkanda ndo linaloua rola za chini na kukaa kwenye puli ya nyuma. Kama mkanda umeungwa kwa klipu usiweke skrepa ya kabaidi ngumu, itakwaruzana na klipu mpaka mmoja ang'oke, weka ya poliyurithini.

Taya, koni, ndoo

Taya zinalika zaidi chini, kwa hiyo zigeuzwe juu chini kabla meno hayajaisha, sio baada. Fida ijaze upana wote wa mdomo, ikilisha upande mmoja taya italika upande mmoja na kokoto zitatoka saizi za ajabu. Koni nayo inapenda kushiba, ikilishwa kidogo-kidogo inalika sehemu moja tu kuizunguka. Meno ya loda yabadilishwe kabla adapta (kile kinachoshikilia jino kwenye ndoo) haijaanza kusuguliwa, jino ni bei ya kueleweka, adapta na mdomo wa ndoo ni stori nyingine.

Mkiwa mnabishana na bosi kuhusu bei

Msilinganishe bei ya pleti, linganisheni gharama kwa tani. Tuseme laina ya kawaida ni milioni 1 na inapitisha tani 20,000, hiyo ni shilingi 50 kwa tani. Nzuri ni milioni 2.4 inapitisha tani 60,000, ni shilingi 40. Tofauti inaonekana ndogo, ila kwenye tani hizo 60,000 ile ya kawaida umesimamisha krasha mara tatu na hii mara moja, na kila kusimama kuna welda, kreni, na tipa zimepanga foleni getini zinasubiri mzigo. Weka hizo gharama kwenye karatasi ndo bosi anaelewa. Na mara nyingine hesabu inakataa, ile ya bei chee inashinda, hasa kwenye chuti rahisi kufikika unayoweza kubadilisha wakati wa chakula cha mchana. Hapo chukua ya bei chee bila aibu.

Kila ukifunga laina mpya piga chapa au andika kwa weldi mgongoni: tarehe, aina ya chuma, unene. Ikitolewa ipige picha kabla haijatupwa kwenye chuma chakavu, na picha iwekwe pamoja na ile gridi ya vipimo. Fundi atakayekuja baada yako ataanzia hapo.